Mkono unauma kwa mazoezi ya gofu: anzia pale panapouma

Mchezaji akisema "mkono unaniuma" bado hajasema kitu. Kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole kuna mifupa 27, na juu yake zimepita kano, mishipa ya fahamu na mishipa ya damu, kila kimoja na namna yake ya kulalamika. Kwa hiyo kabla hujaenda duka la dawa kuomba diklofenaki, chukua kidole kimoja cha mkono usiouma ukiweke pale panapouma kuliko kwingine. Kidole kimoja tu. Ukijikuta unapapasa mkono wote, piga swingi chache za polepole, yaani uzungushe fimbo bila mpira, uone ni wapi hasa panachoma. Ukishapajua, tafuta sehemu yake hapa chini.

Maelezo yamepangwa kwa anayepiga kwa kulia, ambaye mkono wake wa kushoto ndio unakaa juu kwenye fimbo. Huo nitauita mkono wa juu, na wa kulia mkono wa chini. Wewe unayepiga kwa kushoto, geuza.

Yasiyosubiri

Maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kifua kubana, jasho la baridi, pumzi kukata au taya kuuma hayana uhusiano na swingi yako, hata kama yamekukuta katikati ya mashimo 18. Hiyo ni dharura ya moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usiendeshe gari mwenyewe.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo pia kama kiungo kimoja kimevimba, kina moto na una homa. Kama kidole kimepinda au hakikunjiki baada ya kusikia kitu kimekatika. Kama ganzi imeingia na haitoki. Au kama mkono umeanza kuangusha vikombe na funguo.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Swali la kwanza ni hesabu ya mipira, na kwa maoni yangu linatosha kueleza zaidi ya nusu ya malalamiko yanayosikika kwenye viwanja vya gofu vya Gymkhana na Lugalo, Dar es Salaam. Mtu alikuwa anacheza Jumamosi tu. Tangazo la mashindano likatoka, akaanza kumaliza ndoo mbili za mipira kila jioni akitoka kazini, akikimbizana na giza la saa moja. Misuli huzoea mzigo haraka, kano huchelewa. Wiki mbili za mwanzo unajiona umeiva, wiki ya tatu kiwiko kinaanza kuwaka, na lawama inaangukia fimbo mpya. Andika ulipiga mipira mingapi wiki hii na mingapi mwezi uliopita. Kama imeruka mara mbili au tatu, umeshampata mshukiwa wa kwanza.

Swali la pili ni unapigia wapi. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ardhi ya Dar es Salaam inakauka na kuwa ngumu, na fimbo ya chuma inayogonga ardhi kabla ya mpira hurudisha mtikisiko wote kwenye kifundo na kiwiko. Mkeka wa plastiki uliotandikwa juu ya zege ni mbaya zaidi, kwa sababu unakuficha kosa. Ukigonga nyuma ya mpira kwenye nyasi, mpira unakufa hapo mbele na unajua umekosea. Kwenye mkeka fimbo inateleza, mpira unaruka vizuri, unajipongeza. Umefanya hivyo mara mia jioni moja, na ni mkono wako peke yake uliojua.

La tatu ni gripu, ile sehemu ya fimbo unayoishika. Januari hadi Machi, joto na unyevu vikishikana, jasho linatiririka hadi kwenye vidole. Gripu iliyozeeka inateleza, nawe bila kujua unaikaba. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kisha zikaushe kivulini. Kama umenunua seti ya mtumba, bonyeza gripu kwa ukucha: ikiwa ngumu na inang'aa, kuiosha hakutasaidia, ibadilishe. Mchezaji wa kawaida abadilishe mara moja kwa mwaka. Beba glovu mbili, moja ikilowa nyingine iko juani kwenye begi.

La nne ni mkono huo unafanya nini kingine. Simu saa nyingi, kipanya cha kompyuta, kukamua nguo, kukuna nazi, kubeba mtoto mchanga, kukaba usukani kwenye foleni ya Morocco hadi Mwenge. Gofu mara nyingi ndiyo inayomalizia tu kazi iliyoanzwa kwingine.

Kuna la tano, watu hawalifikirii: dawa. Kama wiki za karibuni umemeza siprofloksasini, ile "sipro" ya UTI, na sasa kano zinauma bila sababu, usipige mpira hata mmoja. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano, hata kuzikata. Rudi kwa daktari umweleze ulitumia lini na kwa siku ngapi.

Kiwiko kinauma

Wengi wamesikia "kiwiko cha gofu" na wanadhani kila kiwiko kinachomuuma mchezaji gofu ndicho hicho. Kiwiko cha gofu ni cha upande wa ndani, kwenye kile kifupa kinachotazamana na mbavu, na mara nyingi hukamata mkono wa chini. Upande wa nje, wanaouita kiwiko cha tenisi, nao unawasumbua sana wachezaji gofu, hasa mkono wa juu. Kutofautisha ni rahisi. Nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, ujaribu kunyanyua kiti cha plastiki kwa mkono mmoja. Ukichomwa nje ya kiwiko, ni kano za nje. Kisha geuza kiganja kitazame juu, kunja kifundo kuja kwako huku mkono wa pili ukikizuia. Ukichomwa ndani, ni kano za ndani.

Sababu inayoongoza ni wingi wa mipira. Inafuata kugonga ardhi kabla ya mpira, halafu kukaba fimbo tangu unapojipanga hadi mwisho wa swingi. Baada ya hapo angalia vifaa: gripu nyembamba kuliko mkono wako inakulazimisha kubana, na fimbo nzito za chuma zenye mti mgumu, ambazo zimejaa sokoni kwa mitumba, zinapitisha mtikisiko kuliko za grafaiti. Nadra zaidi, chanzo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko (kidole kidogo kitakuwa kinawasha au kufa ganzi), au shingo.

Anza na yasiyogharimu. Punguza mipira kwa nusu na uache mkeka kabisa kwa wiki mbili. Kila mpira wa fimbo ya chuma uweke kwenye tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, hata kama wenzako watacheka. Legeza mshiko mpaka mtu aweze kuivuta fimbo mkononi mwako bila kupigana nawe. Mkanda wa kiwiko unaouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba unasaidia baadhi ya watu. Uvae kwenye nyama ya mkono, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko. Wengi wanaufunga juu ya mfupa unaouma, na hapo haufanyi kazi yoyote.

Kinachotibu hasa ni zoezi, na vifaa vyake viko jikoni. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Laza mkono mezani, kifundo kikining'inia nje ya ukingo. Kwa kiwiko cha nje kiganja kitazame chini, kwa kiwiko cha ndani kitazame juu. Mkono wa pili usaidie kunyanyua chupa, kisha uuache mkono unaouma uishushe peke yake, polepole, ukihesabu hadi nne. Mara 15, upumzike, urudie mpaka zitimie raundi tatu, kila siku. Ikiwa rahisi panda chupa ya lita moja, halafu ya lita moja na nusu. Itauma kidogo. Ukiyapima maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, tatu yanavumilika mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Yakizidi hapo, rudi kwenye chupa ndogo. Kano haiponi kwa kufungwa bandeji mwezi mzima. Inataka kazi ya kiasi. Na inataka subira pia, kwa sababu tunazungumzia wiki hadi miezi.

Kuhusu sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kiwiko cha nje, nasema wazi: usidungwe ili uwahi mashindano. Maumivu hushuka kweli ndani ya wiki chache, lakini tafiti zilizofuata wagonjwa kwa mwaka mzima zilikuta waliodungwa wakirudiwa na maumivu zaidi ya wasiodungwa. Unashinda kombe la mwezi huu unapoteza msimu.

Simamisha gofu na umuone daktari kama kiwiko kinakwama, hakinyooki, kimevimba baada ya kuanguka, au kama wiki sita za zoezi hazijabadilisha chochote.

Chini ya kidole gumba

Hapa mkono wa juu ndio unaoumia zaidi, kwa sababu gumba lake limelazwa kwenye mti wa fimbo na linavutwa kila fimbo inapopanda juu. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vinne, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole kidogo, taratibu. Ukiruka kwa maumivu kwenye kifundo upande wa gumba, huenda kano mbili zinazopita hapo zimevimba pamoja na ala yake. Ni tatizo la kawaida. Kina mama wanaonyonyesha wanalijua bila kushika fimbo, kwa jinsi wanavyomnyanyua mtoto kwa kumtia mikono makwapani.

Kama maumivu yako chini zaidi, pale gumba linapoungana na kifundo, na unasikia msuguano ukilizungusha, hasa ukiwa umevuka miaka 50, shuku kuchakaa kwa kiungo. Halihitaji kuacha gofu. Linahitaji gripu nene kidogo na mipira michache, na siku nyingi za kuchezea karibu na grini, ile nyasi fupi yenye shimo.

Kwa hali zote mbili fupisha gumba: lirudishe nyuma kwenye fimbo, lisinyooke kama linaelekeza njia. Kishikizo cha gumba na kifundo kinachovaliwa wiki kadhaa, hasa usiku na unapofanya kazi za nyumbani, kinatuliza. Na hapa, tofauti na kiwiko, sindano moja iliyodungwa na daktari anayeijua sehemu hiyo mara nyingi inafanya kazi vizuri.

Tahadhari moja. Kama uliangukia kiganja, labda uliteleza kwenye mteremko siku ya masika, na sasa panauma ndani ya kile kishimo kinachojitokeza ukinyoosha gumba, usikubali kukandwa. Kuna kifupa hapo ambacho kikivunjika huenda kisionekane kwenye eksirei ya siku za mwanzo, na kisipotulizwa kinaweza kukosa damu na kuoza. Daktari makini atakufunga na kurudia picha baada ya wiki moja au mbili.

Kifundo, upande wa kidole kidogo

Angalia kwanza kano inayopita mgongoni mwa kifundo juu ya kile kinundu cha mfupa. Inachoka kwa swingi nyingi, na kwa watu wengine inaruka kutoka kwenye mfereji wake, unasikia "ta" kila ukigeuza kiganja. Chini yake kuna kitambaa cha gegedu kinachoshikilia kifundo. Kikichanika, maumivu huja ukijisukuma kwa viganja kuinuka kwenye kiti, au ukizungusha ufunguo mlangoni.

Kwenye swingi, chanzo kikubwa ni kuvunja kifundo mapema: mkono unaitupa fimbo mbele kabla ya mwili kufika, na kifundo kinabeba kazi ya kiuno. Mwombe kocha akutazame mikwaju kumi tu, tena bila kupiga kwa nguvu. Wakati huo pumzisha fimbo za chuma wiki mbili hadi tatu, funga kifundo kwa kishikizo ukiwa kazini, na ujizoeze kuminya kitambaa kilicholowa. Ikiwa mlio unaambatana na maumivu, au kifundo hakina nguvu ya kubeba sufuria, hapo mazoezi ya nyumbani yameishia. Panahitajika kupimwa, pengine kwa MRI.

Kisigino cha kiganja: hapa usicheze na bahati

Hii ni sehemu ambayo ningependa kila mchezaji aisome hata kama haumwi. Shika fimbo utazame kitako chake kimegota wapi kwenye mkono wa juu. Kinagota kwenye nyama ya kiganja upande wa kidole kidogo, na chini ya nyama hiyo kuna mfupa mdogo wenye ndoana. Ukigonga mzizi, jiwe au ardhi ngumu kwa nguvu, kitako kinapiga ndoana hiyo na kuivunja. Inaweza kuvunjika kwa mkwaju mmoja, au kuchoka taratibu kwa maelfu ya mipira.

Dalili zake zinadanganya. Uvimbe ni mdogo au haupo. Mtu anaendelea kucheza akidhani ameteguka tu. Lakini ukibonyeza pale kwa kidole gumba cha mkono wa pili panachoma, nguvu ya kushika imepungua, na pengine kidole kidogo na cha pete vinawasha. Eksirei ya kawaida ya kiganja mara nyingi haioni ufa huu, kwa hiyo jibu la "mfupa mzima" halimalizi kazi. Mwambie daktari waziwazi kwamba unacheza gofu na unaomba ndoana ya mfupa ule iangaliwe kwa picha ya pembe maalumu au CT. Ukipuuza, kano zinazokunja kidole kidogo zinaendelea kusuguana na mfupa uliovunjika, na zinaweza kukatika.

Hakuna zoezi la nyumbani hapa, hakuna barafu inayounga mfupa, na kwa mzee wa kukanda usiende kabisa. Simamisha fimbo zote. Anzia hospitali iliyo karibu nawe, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, uombe rufaa kwa daktari wa mifupa. Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili ndiko kesi nyingi za namna hii huishia.

Ukipona, chagua fimbo kwa urefu ambao kitako kinatokeza kidogo nje ya kiganja badala ya kuzama ndani yake.

Kidole kinanasa

Asubuhi unakunja vidole, vitatu vinanyooka, kimoja kinabaki kimekunjwa, kisha kinafyatuka. Bonyeza kiganjani chini ya kidole hicho, utakuta kijivimbe. Kano imenenepa na haipiti vizuri kwenye pete yake. Kukaba fimbo ni sababu mojawapo, lakini kama vinanasa viwili au zaidi, pima sukari. Kisukari na tatizo hili ni majirani wa siku nyingi. Legeza mshiko, nenepesha gripu, funga kidole kikiwa kimenyooka wakati wa kulala. Sindano inasaidia wengi, ila mwenye kisukari ajue kwamba steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa, na amwambie anayedunga kabla. Usikivute kwa nguvu.

Ganzi na kuwashwa

Ganzi inasomwa kwa vidole. Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na inakuamsha usiku ukikung'uta mkono, mshipa umebanwa kwenye kifundo. Gusanisha migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija, umeongeza ushahidi. Ikiwa ni kidole kidogo na nusu ya cha pete, tazama kiwiko (unalala umekikunja? unaegemea dirisha la gari?) au kile kisigino cha kiganja tulichokizungumzia. Mkono mzima ukifa ganzi na shingo inauma, huenda mwanzo uko shingoni.

Kishikizo cha kifundo kinachovaliwa usiku, kikikiweka kimenyooka, ndiyo hatua ya kwanza na si ghali. Kipe wiki nne hadi sita. Nyama ya chini ya gumba ikianza kubonyea ukilinganisha na mkono mwingine, usimalize hata hizo wiki, nenda kwa daktari, kwa sababu mshipa unakufa na upasuaji ukichelewa nguvu hairudi yote.

Vidole vyote vigumu asubuhi

Ugumu wa dakika tano hadi ishirini unaoisha kwa maji ya uvuguvugu, kwa mtu wa makamo, kwa kawaida ni viungo kuchakaa. Ugumu unaozidi nusu saa au saa nzima, mikono yote miwili, vifundo vya vidole vimevimba na unajihisi mchovu, unaashiria baridi yabisi. Huo ni ugonjwa wa mwili kujishambulia, unahitaji vipimo vya damu na dawa zake mapema, kabla viungo havijapinda. Kiungo kimoja kilicholipuka usiku baada ya nyama choma na bia za baada ya mashindano huenda ni jongo.

Halafu kuna ya kwetu hapa. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi, ule wa 2019 wengi wanaukumbuka, na chikungunya, homa nyingine ya mbu, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa nchi hii. Chikungunya inaweza kuacha viungo vya mikono vikiuma kwa miezi baada ya homa kuondoka. Kama maumivu yalianza pamoja na homa, kichwa na vipele, gofu haina kesi ya kujibu. Na mpaka dengi iondolewe kwa kipimo, usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamo ndiyo salama, kwa kipimo cha kwenye paketi.

Malengelenge na michubuko

Kwa mtu mzima wa afya hili ni dogo. Osha, funika, usichane ngozi, tafuta kwa nini fimbo inazunguka mkononi.

Kwa mwenye kisukari si dogo hata kidogo. Madaktari wa jiji hili waliandika kuhusu wagonjwa wao wa mwaka 1998 hadi 2002 walioanza na mkwaruzo au kung'atwa na mdudu kiganjani, wakachelewa kufika hospitali, na wakaishia na mkono uliooza, kukatwa vidole au mkono, wengine kufa. Kama una kisukari, kagua viganja baada ya kila mazoezi. Lengelenge likivimba, likitoa usaha, au wekundu na joto vikipanda kuelekea kwenye kifundo, nenda siku hiyo. Usitumbue kwa sindano ya kushonea, usipake dawa ya meno.

Dawa, barafu na kukanda

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, inatuliza maumivu ya siku hiyo. Haitibu chanzo, lakini haina madhara kama huiweki moja kwa moja kwenye ngozi. Maji ya moto yanafaa kwa ugumu wa asubuhi, hayafai kwa kiungo kilichovimba na chenye moto. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni bora kuanzia kuliko vidonge. Vidonge visizidi siku chache bila ushauri, na mwenye vidonda vya tumbo, presha au matatizo ya figo asivimeze kwa kuambiwa na mwenzake wa meza ya klabu. Kumeza kidonge ili upige ndoo nyingine ndilo kosa baya kuliko yote: umezima kengele, mzigo uko palepale.

Kurudi uwanjani

Usirudi na draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali. Wiki ya kwanza ni ya kusukuma mpira kwenye grini na mikwaju mifupi kutoka pembeni yake, kwa muda usiozidi nusu saa. Ukiamka bila nyongeza ya maumivu, ongeza nusu swingi za weji (fimbo ya mikwaju mifupi) kwenye nyasi, mipira 20 hadi 30, siku moja unapiga moja unapumzika. Baadaye fimbo za kati za chuma kwenye tii, kisha chini, na mkeka uwe wa mwisho kabisa kama huna budi. Kila wiki panda kidogo, badilisha kitu kimoja tu: ama idadi ya mipira, ama urefu wa swingi, ama fimbo. Ukibadilisha vyote pamoja na maumivu yakarudi, hutajua umwajibishe nani.

Anayejiandaa kwa mashindano ya siku tatu apange mzigo uishe kupanda wiki moja kabla, na siku mbili za mwisho abaki kwenye grini.